Kupima latitudo ya Dodoma kwa nondo na kivuli

Simu inakupa latitudo kabla hujamaliza kukohoa, kwa hiyo kila mwaka wanafunzi wangu wa jiografia huniuliza: "Mwalimu, sasa nondo ya nini?" Na mimi huwauliza: mwezi wa Juni, adhuhuri, kivuli chako hapa Dodoma kinalalia upande gani? Wengi hujibu kwamba hakuna kivuli, maana walikaririshwa tangu shule ya msingi kuwa saa sita jua liko utosini. Basi tunatoka nje.

Kifaa ninachotumia ni kipande cha nondo ya milimita 12, mita moja na ushee, kilichokunjwa ncha kama bakora na kusimikwa kwenye ndoo ndogo ya rangi iliyojazwa zege. Usidharau zege hilo. Upepo wetu wa Julai na Agosti hauachi kitu chepesi kimesimama. Kwenye ncha iliyokunjwa funga washa ndogo (kile kiduara cha chuma chenye tundu kinachokaa chini ya nati) kwa waya, ilale bapa, tundu litazame juu. Bila washa utahangaika, kwa sababu jua si nukta, lina upana wa nusu digrii angani, na ncha ya kivuli cha fimbo tupu huwa na ukungu wa karibu sentimita nzima. Ukiwa na washa unapata tone la mwanga katikati ya kivuli chake, na katikati ya tone hilo ndipo unapopima.

Weka ndoo juu ya sakafu ya saruji uliyoihakiki kwa pima maji. Pitisha uzi wenye nati nzito, yaani timazi, kwenye tundu la washa, uache utulie, kisha weka alama ya chaki pale nati inapoelekea. Pima kimo kutoka tundu hadi alama hiyo. Sentimita 100 kamili hurahisisha hesabu, ila hata 97 si neno. Sasa toa uzi. Vitabu vingi vinaelekeza upime kivuli kutoka mguu wa fimbo, na mimi sikubaliani navyo: fimbo ikiinama digrii moja tu kuelekea kaskazini au kusini, jambo ambalo jicho halioni, jibu linahama karibu kilomita mia. Ukipima kutoka alama ya timazi, nondo na iiname itakavyo.

Adhuhuri ya jua si saa 6:00 ya saa yako. Saa ya Tanzania imewekwa kwa longitudo ya digrii 45 Mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini mwetu. Dodoma iko karibu na 35°44′, na kila digrii moja ni dakika nne, kwa hiyo kwa wastani jua hufika kileleni hapa saa 6:37 mchana. Katika mwaka muda huo unacheza, kutoka kama saa 6:21 mwanzoni mwa Novemba hadi kama saa 6:51 katikati ya Februari. Huna haja ya kukariri. Anza saa 6:10, weka nukta ya chaki kwenye tone la mwanga kila baada ya dakika tano mpaka saa 7:05, kisha tafuta nukta iliyo karibu kuliko zote na alama ya timazi. Mstari kutoka alama hadi nukta hiyo ndio kaskazini-kusini yako ya kweli, na urefu wake ndio kivuli cha kuhesabia.

Gawanya kivuli kwa kimo. Laza simu ili kikokotoo kionyeshe vitufe vya pembe, hakikisha kiko kwenye digrii, bonyeza tan⁻¹. Asiye na simu achore pembetatu mraba daftarini kwa kipimo cha 1:10 na kutumia kipima pembe. Pembe utakayopata ndiyo umbali wako, kwa digrii, kutoka mahali ambapo jua liko utosini adhuhuri hiyo.

Mahali hapo panabadilika kila siku. Tarehe 20 Machi na 23 Septemba ni Ikweta. Tarehe 1 Mei ni digrii 15 Kaskazini, 21 Juni ni 23.4, 1 Agosti ni 18, 1 Septemba ni 8.3. Upande wa Kusini, 1 Novemba ni 14.4, 21 Desemba ni 23.4, 1 Februari ni 17.2. Usigawanye siku za katikati sawasawa: karibu na Juni na Desemba jua linasogea kwa kusitasita, lakini karibu na Machi na Septemba linahama kama digrii 0.4 kwa siku.

Tuseme ni 1 Agosti, kimo sentimita 100, kivuli sentimita 45 kikilalia kusini. Pembe ni digrii 24.2. Jua liko 18 Kaskazini, wewe uko digrii 24.2 kusini yake. Toa, unabaki na 6.2 Kusini. Katikati ya mji wa Dodoma ni 6°10′, yaani digrii 6.17. Umekosea kilomita chache kwa nondo na nati, na digrii moja ni kilomita 111, kwa hiyo usilalamike. Desemba kivuli hulalia kaskazini, na hapo unageuza hesabu: latitudo ya jua toa pembe yako. Tarehe 21 Desemba kivuli cha mita moja ni sentimita 31 tu. 21 Juni ni karibu 57.

Karibu na 5 Machi na 9 Oktoba hesabu yote inafutika, kwa sababu jua linapita utosini kwetu na tone la mwanga linaangukia juu ya alama ya timazi. Siku hizo darasa huwa halishikiki.

Ukishaona hivyo, hesabu miezi: kuanzia Machi hadi Oktoba, karibu miezi saba, jua la adhuhuri liko kaskazini mwa Dodoma. Jirani yangu alifungiwa paneli ya sola ikiinamia kusini, eti kwa kuwa sisi tuko kusini mwa Ikweta. Ikiinamia kusini digrii 15, adhuhuri ya Juni inapokea karibu robo pungufu ya ile iliyoinamia kaskazini kiasi hicho hicho. Na anayejenga aweke madirisha makubwa kaskazini na kusini, ambako ukingo wa paa unatosha kuzuia jua la juu. Ukuta wa magharibi hauna dawa. Jua la saa kumi jioni linapenya chini ya paa lolote.

Ukienda kuhakiki kwa simu, angalia mambo mawili. Alama ya kutoa ndiyo Kusini: ukiandika 6.17 bila alama hiyo pamoja na 35.74 ya longitudo, ramani inakupeleka kusini-magharibi mwa Ethiopia. Na 6°10′ si sawa na 6.10, kwa sababu dakika ziko 60 katika digrii. Kosa hilo ni zaidi ya kilomita saba. Wenye ramani za zamani za 1:50,000 wakumbuke pia kuwa zilichorwa kwa mfumo wa vipimo vya latitudo na longitudo uitwao Arc 1960, ilhali simu inatumia mfumo wa WGS 84, na tofauti ya nukta moja kati ya mifumo hiyo ni kama mita 300 hapa kwetu. Kwa mpaka wa kiwanja muite mpimaji.

Njia ya kupima latitudo kwa nyota ya kaskazini iacheni kwa waandishi wa nchi za kaskazini, kwa sababu hapa nyota hiyo haichomozi kabisa.

Mwalimu mwenzangu wa Babati, Kondoa au Iringa, hili sasa ni lako. Babati iko 4°13′ Kusini, Kondoa 4°54′, Dodoma 6°10′, Iringa 7°46′, na zote nne ziko kati ya longitudo 35°42′ na 35°47′. Adhuhuri yetu ni moja. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki, alipopima dunia kwa vivuli huko Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, miji yake miwili, Syene (Aswan ya leo) na Alexandria, ilipishana digrii tatu za longitudo. Sisi mstari wetu wa kaskazini-kusini umenyooka kuliko wake. Tarehe 21 Juni, kwa kimo cha mita moja, Babati wapate kivuli cha kama sentimita 52 na Iringa kama 61. Badilisheni pembe kwa ujumbe wa simu, toa moja kwa nyingine, utapata digrii tatu na nusu hivi. Gawa umbali kwa tofauti hiyo, zidisha kwa 360, na mzunguko wa dunia unakuja karibu na kilomita 40,000. Umbali wenyewe upimwe kwa rula kwenye ramani, mstari ulionyooka, kama kilomita 393. Kilomita za kwenye tiketi ya basi hazifai, maana basi linazunguka Mtera na vilima vya Kondoa.