Kwikwi na mkono unaoshuka: kupiga na kuimba kama Buddy Holly

Wengi wanaotaka kupiga nyimbo za Buddy Holly, mwimbaji na mpiga gitaa wa rock and roll kutoka Marekani, huanza kwa kusaka gitaa kama lake. Fender Stratocaster ni gitaa zuri, hakuna ubishi, ila siri haiko humo. Iko kwenye kifundo cha mkono wa kulia na kwenye koo, na vyote viwili unaweza kuvifanyia mazoezi kwa gitaa la mbao la bei ya chini.

Holly alizaliwa Lubbock, Texas, tarehe 7 Septemba 1936, akafa katika ajali ya ndege Iowa tarehe 3 Februari 1959, na miaka yake 22. Nyingi kati ya nyimbo zinazoigwa mpaka leo zilirekodiwa mwaka mmoja tu, 1957, katika studio ya mtayarishaji Norman Petty mjini Clovis, New Mexico. Petty alitoza kwa wimbo, si kwa saa, kwa hiyo Holly na wenzake walirudia mpaka kitu kikakaa. Nawe usijiwekee saa. Jiwekee wimbo mmoja.

Ufunguo kabla ya kodi za gitaa

Mwaka 1956 Holly aliurekodi "That'll Be the Day" kule Nashville kwa ajili ya kampuni ya rekodi ya Decca. Aliuimba juu mno, sauti ikambana, na rekodi ikawekwa kando. Tarehe 25 Februari 1957 aliurudia Clovis akiwa ameushusha, na mwaka huohuo ukashika namba moja Marekani na Uingereza.

Kwa hiyo imba kwanza bila gitaa. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo. Kama inakulazimu kuinua kidevu, shusha ufunguo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Bakiza nafasi juu ya noti hiyo, maana kwikwi, ule mkato wa sauti kooni ambao tutaufikia, huruka juu na haitakubali kugonga dari.

"That'll Be the Day" hupigwa kapo (kibano kinachobana nyuzi zote shingoni mwa gitaa) ikiwa freti ya 5, vidole vikishika maumbo ya E, na kinachosikika ni A. Sababu ya kapo ni nyuzi wazi: ule mteremko wa noti wa mwanzo unazihitaji ziendelee kulia huku kidole kikiachia. Ukiupiga kwa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za kubana nyuzi zote, mteremko huo unakufa. Weka kapo mgongoni kabisa mwa waya wa freti, si katikati ya nafasi, halafu tuni upya kapo ikiwa juu. Asiyetuni upya hulaumu gitaa, kumbe ni uzi wa tatu uliovutwa na kapo ukapanda.

Mkono wa kulia

Hapa ndipo kazi ilipo. Katika "Peggy Sue" mkono hushuka tu, mapigo manane kwa kila kipimo, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kasi ya wimbo ni karibu mapigo matano kila sekunde, kwa dakika mbili na nusu. Mkono uliozoea ridhimu ya rumba, ule wa kushuka na kupanda, utataka kupanda. Ukipanda, pigo la pili linakuwa jepesi kuliko la kwanza, na ule mvumo sawasawa unavunjika. Msikilizaji hatajua umekosea wapi, lakini atajua.

Tumia piki (kile kipande cha kupigia nyuzi) ya unene wa kati, karibu milimita 0.7, na iache ncha ya milimita mbili au tatu tu nje ya vidole. Gonga nyuzi tatu au nne nene, si zote sita. Anza metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika, kwenye 100, mapigo mawili kwa kila mlio, kodi ya A peke yake kwa dakika nne. Ukimaliza bila mkono kukaza, ongeza 5. Lengo ni kufika kati ya 145 na 150.

Mkono ukiwaka moto kwenye ubeti wa pili, usisingizie uchovu. Unapiga kwa kiwiko. Laza kigasha juu ya mwili wa gitaa na uache kifundo pekee kitikisike, kama mtu anayekung'uta maji vidoleni. Sababu ya pili ni piki kuzama mno: kadiri inavyozama, ndivyo inavyonasa kwenye uzi na kukulazimisha kuivuta.

Kodi ni A, D na E, halafu katikati inaingia F inayotokea ghafla nje ya ufunguo na kurudi A. Karibu kila mwanafunzi huchelewa hapo, kwa sababu mkono wa kulia unausubiri wa kushoto. Usisubiri. Legeza vidole, acha mkono wa kulia uendelee kugonga nyuzi zilizozimwa, na F iingie itakapoingia. Tak-tak moja ya nyuzi zilizozimwa haimsumbui mtu, kimya kinasumbua.

Solo nayo si ya noti mojamoja. Ni kodi, mkono ukiendelea kushuka vilevile. Holly hakuwa na nafasi ya kuacha kupiga ili abadili sauti ya gitaa, basi Niki Sullivan, mpiga gitaa mwenzake, alikaa karibu naye na kumgeuzia swichi solo ilipoanza, akairudisha ilipokwisha. Kama huna Sullivan, sogeza tu mkono kuelekea daraja la gitaa, sentimita tano hivi. Sauti itakuwa kali vya kutosha.

Ngoma, au paja lako

Jerry Allison, mpiga ngoma wa Holly, alipiga "Peggy Sue" bila matoazi, waya za chini za sneya (ngoma yenye mlio mkali) zikiwa zimelegezwa ili ngoma itoe sauti ya tomu, ngoma isiyo na waya hizo. Mpangilio wa mikono ni kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto. Petty alikuwa akiufungua na kuufunga mwangwi wa ngoma hizo wimbo ukiendelea, ndiyo maana zinasikika zikisogea na kurudi. Unaporekodi nyumbani, cheza ngoma peke yake kwa spika ndani ya bafu la vigae, weka simu mlangoni, kisha changanya mlio huo na ule mkavu ukiupandisha na kuushusha. Usimwagie mwangwi gitaa. Mapigo manane yatageuka uji.

Huna ngoma? Katika "Everyday" Allison alijipiga magotini tu, na katika "Not Fade Away" alipiga boksi la karatasi ngumu. Simu iwe sentimita 30 kutoka gotini, na vaa suruali nzito. Kitambaa chepesi hutoa mchakacho.

Kwikwi

Jina linaeleza: silabi moja inakatwakatwa kooni na kurushwa juu na chini. Wazungumzaji wa Kiswahili tuna kianzio tayari. Mtu akikupa kitu usichokitaka, unasema "a-a!" Pale katikati, koo linapofunga kwa ukavu, ndipo penyewe. Aliyesoma madrasa ataitambua hamza.

Sema "a-a" polepole mara kumi. Kisha ishike noti moja na uikate mara nne, kila mkato uangukie pigo la gitaa. Ikikaa, mkato wa pili uruke kwenye sauti nyembamba ya kichwani na wa tatu urudi kifuani. Hatimaye utie neno. Mfano mkubwa ni mwanzo wa "Rave On", ambapo neno moja fupi la kufungulia wimbo limegawanywa vipande sita.

Ikisikika kama kicheko, unaingiza pumzi ya "h" badala ya kufunga koo. Koo likiuma, unasukuma hewa. Punguza sauti, na kwa wiki ya kwanza usizidishe dakika kumi kwa siku. Kosa la waimbaji wa jukwaani ni tofauti: wanaiweka kila mstari, na wimbo unakuwa maigizo. Mwanzoni mwa mstari na mwishoni panatosha. Holly alikuwa na njia nyingine za kuepuka kuchosha: kwenye "Peggy Sue" jina ni lilelile ubeti baada ya ubeti, lakini mara linatoka kifuani, mara puani kama mtoto anayebembeleza.

Kujikagua

Mwishoni mwa 1958, katika nyumba yake New York, Holly alijirekodi akiwa na gitaa na mashine ya tepu tu. Baada ya kifo chake watayarishaji waliongeza vyombo juu ya rekodi hizo. Tafuta zile ambazo hazijaongezwa kitu, usikilize kwa spika za masikioni, kisha jirekodi vivyo hivyo: sauti, gitaa, simu mezani. Sikiliza ya kwako mara mbili. Mara ya kwanza fuata mkono wa kulia pekee, na mahali popote mapigo yanapopungua unapoanza kuimba, rudi kwenye metronomu ya 100.