Namna ya Kutafuta Bundi na Ndege Wengine wa Misitu ya Milima ya Kigoma Mkiwa Kundi

Anayetaka kuwasikia bundi wa milima ya Kigoma hana budi kuanza maandalizi mchana, tena kijijini, kabla hajakanyaga msitu. Kundi la watu wanne au watano wanaotembea gizani bila kuwasha tochi, wakisimama ghafla na kunyamaza, huonekana ama wezi ama wachawi, na kwa kuwa bundi mwenyewe huhesabiwa na wengi kuwa ndege wa uchuro, maelezo yanayotolewa usiku wa manane mbele ya sungusungu hayaaminiki kirahisi. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji kungali na jua, mpeni shikamoo yake, mwelezeni njia mtakayopita na saa mnayotarajia kurudi, kisha mwombeni kijana mwenyeji wa kufuatana nanyi. Kijana huyo msimuulize bundi anakaa wapi, kwa sababu wapo wasiopenda hata kulitaja jina lake. Muulizeni ni mti gani una kinyesi cheupe kilichotiririka kwenye shina, na kama chini yake kumewahi kuonekana vidonge vya manyoya na vifupa vya panya, ambavyo bundi huvitapika baada ya kumeng'enya nyama. Nikipata jibu la swali hilo moja, naliona lina faida kuliko ramani.

Kuhusu mahali, mkoa una hifadhi mbili za taifa zenye misitu ya milima. Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, iko kaskazini ya mji wa Kigoma, na Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, iko kusini, ambako mlima Nkungwe hufikia mita 2,462. Wageni huzitembelea zote mbili kwa miguu na kwa kawaida hufika kwa boti. Ndani ya hifadhi msidhani mnaweza kutembea usiku kwa hiari yenu. Ulizeni uongozi mapema, na kama ruhusa haipo, sikilizeni mkiwa kambini, jambo ambalo si hasara hata kidogo. Mwenye mafua abaki nyumbani, kwa kuwa sokwe wanaoishi humo huambukizwa magonjwa yetu. Nje ya hifadhi, vilima vyenye miombo na mabonde yenye miti mikubwa hutosha kabisa, ilimradi mwenye mamlaka juu ya msitu huo awe ameridhia.

Kila bundi ana makazi yake. Kwenye msitu mnene wa bondeni tarajieni Strix woodfordii, bundi wa kahawia mwenye macho meusi na asiye na vishungi kichwani, ambaye dume na jike huitikizana, jike akiwa na sauti ya juu zaidi. Kwenye miombo yupo Otus senegalensis, mdogo mno na mwenye rangi ya gome la mti, anayetoa mlio mfupi wa kukwaruza na kuurudia kila baada ya sekunde chache hata mgeni akadhani ni mdudu. Kwenye miti mirefu ya kandokando ya mito anaweza kuwapo bundi mkubwa kuliko wote barani Afrika, Bubo lacteus, na akifumba macho huonekana kope zake za rangi ya waridi.

Fikeni kabla ya magharibi, mchague sehemu moja na kuishikilia. Kosa la makundi mengi ni kutembeatembea, ilhali majani makavu chini ya viatu hufunika sauti zote. Simameni mkitazama pande tofauti, mtu mmoja kila upande, simu zikiwa zimezimwa milio, na kila anayesikia anyooshe mkono kuelekea sauti badala ya kunong'ona. Wawili waliosimama mbalimbali wakinyoosha mikono, mistari yao hukutana karibu na mti wenyewe. Msidanganyike na komba, ambaye hulia kama mtoto mchanga na macho yake hung'aa sana kwenye mwanga, wala na kirukanjia, ndege wa usiku anayetua njiani.

Tochi ifunikwe kwa plastiki nyekundu, na mwanga uelekezwe pembeni mwa ndege, si machoni, kwa sekunde chache tu. Kuhusu kupiga sauti iliyorekodiwa ili bundi ajibu, msimamo wangu ni mkali: msifanye hivyo wakati wa kutaga na kulea, kwa kuwa ndege huacha kiota akidhani amevamiwa, na nje ya msimu huo, akijibu hata mara moja tu, zimeni hapohapo. Vaeni buti zinazopita vifundo vya miguu, kwa sababu nyoka nao wako kazini saa hizo.

Mchana wa kesho yake msiupoteze kwa usingizi. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za kipenyo cha milimita 42, inafaa zaidi msituni kuliko yenye ukuzaji mkubwa, kwa kuwa hupitisha mwanga wa kutosha chini ya matawi na haitikisiki sana mkononi. Asubuhi, kingo za msitu huwa na hondohondo na makundi ya ndege wadogo mchanganyiko, na juu Mahale yupo Apalis argentea, ndege mdogo mwenye mkia mrefu ambaye watazamaji humfuata kutoka mbali. Mkisikia ndege wadogo wakipiga kelele kwa hasira mahali pamoja, nendeni polepole. Mara nyingi wamemzingira nyoka au Glaucidium perlatum, bundi mdogo anayeonekana hata mchana, mwenye madoa mawili meusi kisogoni yanayofanana na macho, hivi kwamba mtazamaji asiye makini huapa kuwa ndege amemkazia macho huku amempa mgongo.

Andikeni palepale saa, aina ya miti, hali ya mwezi na upepo, na kama ndege alionekana au alisikika tu. Kiota mkikiona, mahali pake pasitajwe hadharani.