Kutengeneza kapet, buhuri ya jioni ya mahekalu ya Misri

Wamisri wa kale waliiita kapet, Wagiriki kyphi. Kanuni zake zimechongwa ukutani katika hekalu la mungu Horus kule Edfu, Misri, ndani ya chumba cha manukato. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anaeleza kuwa asubuhi walifukiza utomvu, adhuhuri manemane, na kapet jua likizama. Vipimo hivi vinafuata uwiano wa Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya 1, kwa kuwa vyake vinapikika nyumbani.

Andaa zabibu kavu zisizo na kokwa gramu 120, divai nyekundu mililita 110, ubani gramu 50, asali gramu 20, mchaichai mkavu gramu 10 (Dioscorides alitumia nyasi za jamii hiyohiyo), ndago iliyokauka kijiko cha chai kimoja, matunda ya junipa kiasi hichohicho, na manemane gramu 1. Ndiyo, gramu 1 tu. Ukizidisha, moshi unakuwa mchungu. Viungo viwili vya asili vimeachwa: kimoja hakipatikani kirahisi, kingine wataalamu bado wanabishania ni mmea gani.

1. Weka ubani na manemane kwenye friza saa moja kabla ya kutwanga. Vikiwa na joto vinaganda kwenye mchi, na utabaki kukwangua kinu badala ya kutwanga.

2. Twanga ndago, junipa na mchaichai, chekecha kwa chujio laini. Nyuzi zikibaki, vidonge vitapasuka vikikauka.

3. Ponda zabibu pamoja na divai na manemane mpaka ziwe rojo, changanya na unga wa hatua ya 2, funika siku moja. Rojo likiwa bado la majimaji, lichuje kwa kitambaa. Ukiruka hapa, ukungu utakuja wiki ya pili.

4. Hatua ngumu ni asali. Ichemshe kwa moto mdogo. Dondosha tone kwenye maji baridi, na likikusanyika kama kidonge laini, epua mara moja. Wanaopika udi wa kuunga Unguja wanaijua kazi hii, ila wao hutumia shira ya sukari. Asali ikiungua, hakuna kinachoiokoa. Dioscorides anataka utomvu uyeyushwe humo. Utomvu wetu hapa ni ubani, nao hauyeyuki vizuri, basi nyunyiza unga wake huku ukikoroga.

5. Changanya vyote, kanda, viringisha vidonge vya ukubwa wa dengu. Anika kivulini wiki mbili hadi nne, kisha weka kwenye chungu chenye kifuniko.

Kufukiza: subiri makaa yafunikwe na jivu jeupe, weka tabaka jembamba la majivu, ndipo kidonge. Makaa mekundu huunguza zabibu kwanza, na chumba kikanuka sukari iliyoungua. Makuhani walitumia chetezo chenye umbo la mkono ulionyoosha bakuli la makaa, na katikati ya mpini palikuwa na kisanduku cha vidonge. Chetezo chochote cha udongo kinatosha.