Somo: Kuokoa katuni fupi zilizobaki kwenye rili za matamasha ya kuzunguka

Matamasha kama International Tournée of Animation na Spike and Mike huko Marekani yaliunganisha katuni fupi za watu mbalimbali kwenye rili moja, kisha rili ikazungushwa mji hadi mji. Mtengenezaji huru kwa kawaida alikuwa na negatifu moja tu (mkanda wa asili ambao nakala huchapwa kutoka kwake), na mara nyingi aliiacha maabara. Maabara ikifungwa, nakala iliyotembea ndiyo inayobaki, ikiwa na mikwaruzo, viraka na mianzo ya filamu iliyokatwa. Somo hili linahusu nakala hizo, hasa za milimita 16.

1. Nusa kwanza, usiicheze. Harufu ya siki maana yake asetati, yaani plastiki ya mkanda wenyewe, imeanza kuoza, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Tenga kopo hilo. Vijikaratasi vya kupimia asidi hufungiwa ndani ya kopo kwa saa 24 kwenye joto la chumba: bluu ni salama, kijani ni hatari, njano ni hali mbaya kabisa.

2. Pima kusinyaa. Laza mkanda juu ya meza, weka rula ya chuma. Kwenye nakala ya milimita 16, nafasi 100 za matundu ni milimita 762. Angalia: unapima kutoka tundu la 1 hadi la 101. Wengi huishia la 100, wanapata 754, halafu wanatangaza kwamba mkanda umesinyaa asilimia 1 kumbe ni mzima. Ukisinyaa kweli kufikia asilimia 1, usiupitishe kwenye projekta yenye meno. Tafuta skana inayoburuta mkanda kwa roli.

3. Andika mpangilio, ndipo uguse viungo, yaani pale vipande vya mkanda vilipounganishwa. Piga picha kila kiungo na uandike filamu ipi inafuata ipi, kwa sababu mpangilio wa tamasha nao ni historia. Gundi iliyovuja ifute, ubandike upya kwa utepe wa kuungia filamu. Selotepu ya ofisini hapana.

Usikate pale picha inapoanzia. Sauti ya mkanda wa milimita 16 imechapwa fremu 26 mbele ya picha yake. Ukikata kwenye fremu ya kwanza, umetupa sekunde nzima ya sauti ya mwanzo, na aliyekata hagundui mpaka muziki uanzie katikati ya noti.

4. Safisha. Kitambaa kisichoacha nyuzi, isopropili ya asilimia 99, glovu, mwendo wa polepole. Kama msanii alichora kwa wino moja kwa moja juu ya mkanda, kaa mbali na kimiminika chochote. Wino utaondoka na kitambaa.

5. Skani. 2K (upana wa nukta kama 2,000) kwa milimita 16 ndiyo chini kabisa, 4K (kama 4,000) kwa milimita 35. Chukua upana wote pamoja na matundu, maana alama za kiwandani ziko pembeni. Usirekebishe rangi wakati wa kuskani. DPX, yaani faili la picha moja kwa kila fremu, ya 2K ya biti 10 ni takriban megabaiti 12.7 kwa fremu. Filamu ya dakika 10, kwa fremu 24 kwa sekunde, ina fremu 14,400, yaani karibu gigabaiti 183. Ukitaka kupunguza bila kupoteza kitu, tumia FFV1 (mbinu ya kubana video bila hasara) ndani ya faili la Matroska (.mkv).

6. Kufuta uchafu kwa kompyuta. Hapa ndipo katuni nyingi huuawa na watu wenye nia njema. Programu husaka kitu kinachotokea kwenye fremu moja na kutoweka, ikidhani ni vumbi. Lakini cheche iliyochorwa, tone la mvua, mkwaruzo wa makusudi, vyote viko hivyohivyo. Nayo ile ya kupunguza chembechembe hulainisha mstari wa penseli unaotetemeka mpaka mhusika anaonekana amepigwa pasi.

Kwa hiyo zima kazi ya kujiendesha, pitia fremu kwa fremu. Doa jeusi la fremu moja kwa kawaida ni vumbi la nakala hii. Doa jeupe limetoka kwenye negatifu. Doa linalokaa fremu mbili kisha likaondoka pamoja na mchoro lilikuwa kwenye selo (karatasi ya plastiki angavu inayochorewa katuni) chini ya kamera, kwa kuwa michoro mingi ilipigwa mara mbilimbili, 12 kwa sekunde. Hilo liache, ni la filamu.

Mtindo huohuo una faida: fremu ikichanika, pacha wake anaweza kuiziba. Ila hakikisha kamera haikuwa ikitembea, la sivyo mandhari yataruka.

7. Nakala tatu, moja ikae jengo lingine, kila faili na hesabu yake ya uhakiki (checksum), inayoonyesha kama faili limebadilika. Kisha tafuta idhini ya maandishi ya mtengenezaji. Tamasha lilipewa ruhusa ya kuonyesha tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Tanga, unyevu ni mwingi na stoo ya baridi sina. Nifanyeje?*

Marahaba. Friza ya nyumbani inatosha. Kausha mkanda kwanza kwenye chumba chenye kiyoyozi, ufunge ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa, na kadi ya kuonyesha unyevu katikati yake. Ukiutoa, usifungue kwa saa 24, vinginevyo umande utaganda juu ya picha.

*Rili yetu imekuwa nyekundu tupu. Rangi zinarudi?*

Kiasi. Kinachotangulia kufifia ni rangi ya samawati-kijani, hasa kwenye nakala za kabla ya mwanzo wa miaka ya 1980. Skani kwa biti nyingi, rekebisha baadaye ukilinganisha na selo halisi au na msanii mwenyewe. Usikisie: anga la katuni si lazima liwe bluu.

*Kaka, mimi nina VHS tu, ya PAL (mfumo wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde), na sauti ni nyembamba kuliko ninavyoikumbuka.*

Filamu ya fremu 24 ilichezwa kwa 25, ikaenda haraka kwa asilimia 4. Irudishe 24 pamoja na sauti yake. Ila uliza kwanza: iliyopigwa kwa ajili ya televisheni za huku ilikuwa 25 tangu mwanzo, na hiyo ukiipunguza utaiharibu.