Dhamiri ikigombana na dini yako, soma kwanza mstari mzima

Mdogo wangu alipokuwa akipigwa na mumewe, mzee mmoja wa kanisa alimketisha akamwambia arudi nyumbani kwake, kwani "Mungu anachukia talaka." Nilikuwepo, nikanyamaza. Moyo ulikataa kabisa, ila niliogopa kuonekana nabishana na Neno. Yakikukuta kama haya, usikimbilie kujiita mwasi, wala kusema dini imekosea.

Fungua kitabu. Maneno yale yanatoka Malaki 2:16. Usiku ule niliyafuata kwa kidole, nikakuta mzee aliishia nusu ya mstari: unaendelea kumkemea anayejifunika udhalimu kama nguo. Nikapanda hadi aya ya 14, mume anashutumiwa kwa kumfanyia hiana mke wa ujana wake. Kumbe andiko lililotumika kumrudisha kwenye kipigo linawagombeza waume!

Kisha uliza: hili ni andiko, ni sheria, au ni mazoea ya watu? Sisi Wakatoliki tuna Sheria za Kanisa za 1983. Kanuni ya 1153 inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vibaya, yeye au watoto, mwilini au rohoni. Na kama kusubiri ni hatari, aondoke kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwislamu naye adai dalili, yaani ushahidi wa Kurani au Hadithi. Rafiki yangu alinisimulia habari ya mke wa sahaba Thabit bin Qays, aliyemwendea Mtume Muhammad akitaka kuachana na mumewe. Alirudisha bustani aliyopewa mahari, akaachwa.

Sasa jikague na wewe, na hapa usijionee huruma. Mimi nilikuwa nimeandika ujumbe mrefu kwa bosi wa shemeji ili afukuzwe kazi, nikauita haki. Nikasoma Mathayo 18, Petro anapouliza asamehe mara ngapi, nikafunga kitabu kwa hasira. Siku ya tatu niliufuta ule ujumbe, maana kila nilipousoma niliona ninavyofurahia. Kusamehe hakukuwa na maana ya mdogo wangu kurudi kule, lakini ile furaha yangu haikuwa haki. Andika kwenye karatasi jambo unalolitetea, halafu chini yake andika linakugharimu nini wewe. Ukikuta gharama yote iko kwa mwingine, litilie shaka.

Baada ya hapo mtafute aliyesoma, si mwenye sauti kubwa. Nenda na swali moja, limeandikwa. Nilimuuliza padre: anaruhusiwa kuondoka? Ndiyo. Kuolewa tena? Hapana, isipokuwa mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Akaniambia Papa Fransisko alirahisisha taratibu hizo mwaka 2015, jambo ambalo yule mzee hakulitaja.

Kuna kitakachobaki bila kupatana, na usijilazimishe. Hilo la kuolewa tena sijakubaliana nalo. Simdanganyi padre kwamba nimekubali, na sijaacha kusali. Nimeliandika kwenye daftari kwa penseli, pamoja na tarehe. Kila Kwaresima nalisoma upya. Mdogo wangu, anayeishi kwangu sasa, aliliona juzi akacheka: "Dada, mbona mimi mwenyewe sijasema nataka mume?"