Kutengeneza Gemu ya Hadithi kwa Picha za Pikseli: Mfano wa Mashimo ya Ttanda

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza, peke yake na kwa kompyuta ya kawaida, gemu fupi ya hadithi yenye sura ya gemu za miaka ya 1990. Mfano nitakaoutumia ni gemu ninayoitengeneza hapa Kampala kutokana na simulizi ya Kiganda ya Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi. Ninatumia programu ya Godot kwa kuunganisha gemu na LibreSprite kwa kuchora, kwa kuwa zote mbili hupatikana bila malipo.

Hatua ya 1: Tafuta tendo moja

Wengi huanza kwa kuchora, nami nilikosea hivyo hivyo: nilichora nyumba arobaini za msonge kabla sijajua ni nani anayeishi ndani yake, na zilizoingia kwenye gemu ni nne tu. Anza na hadithi, tena si hadithi nzima. Kama inavyosimuliwa mara nyingi Buganda, Nambi alirudi mbinguni kwa baba yake Ggulu kuchukua ulezi, nafaka ya kulisha kuku, aliousahau, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, akamfuata hadi duniani. Baadaye Ggulu alimtuma mwanawe mwingine, Kayikuzi, amkamate Walumbe, na watu wakaagizwa wajifungie ndani na wanyamaze kabisa. Lakini watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walimwona Walumbe akichomoza ardhini huko Ttanda, wakapiga yowe, naye akazama tena. Mashimo ya Ttanda yapo hadi leo katika Wilaya ya Mityana.

Mchezaji wangu si Kintu wala Kayikuzi, bali ni mmoja wa watoto wale, na uamuzi mkubwa wa gemu ni kubonyeza au kutobonyeza kitufe kimoja, cha kupiga yowe. Andika tendo lako kwa sentensi moja namna hiyo, uibandike mbele yako, na kila kisichoelekea huko ukiache.

Hatua ya 2: Weka ukubwa wa skrini

Chagua pikseli, yaani nukta za picha, 320 kwa 180. Ukizidisha mara nne unapata 1280 kwa 720, na mara sita unapata 1920 kwa 1080. Kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa hapa zikiwa zimetumika zina skrini ya 1366 kwa 768. Usijaribu kuijaza yote, kwa maana kuzidisha kwa namba isiyo kamili hufanya baadhi ya pikseli ziwe nene kuliko nyingine. Zidisha mara nne, uache mstari mweusi wa pikseli 43 kila upande na wa pikseli 24 juu na chini. Katika mipangilio ya picha chagua kichujio cha jirani wa karibu (Nearest), la sivyo kila kitu kitaonekana kama kimefunikwa na ukungu.

Hatua ya 3: Rangi kabla ya vigae

Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1990, iligawa rangi katika makundi ya rangi kumi na sita, moja ya kila kundi ikiwa ya uwazi, hivyo mchoraji alibaki na kumi na tano. Ukijifunga kwa idadi hiyo kwa hiari yako, ramani itashikamana bila wewe kuhangaika sana.

Nilianza na udongo mwekundu, kwa kuwa ndio unaoonekana kila mahali kwenye barabara ya Mityana, nikaupa ngazi tatu. Ngazi ya giza sikuipata kwa kuongeza weusi, bali niliisogeza kuelekea zambarau, na ile ya mwanga nikaisogeza kuelekea rangi ya chungwa. Kijani cha migomba nacho kina ngazi tatu, na kivuli chake kinatumia zambarau ile ile ya udongo. Kwa kugawana kivuli hivyo, mgomba huonekana umeota pale ulipo, badala ya kuonekana umebandikwa.

Vigae, yaani picha ndogo za mraba zinazopangwa kuunda ramani, viwe vya pikseli 16 kwa 16. Chora vinne tofauti vya udongo, kisha uvichanganye, maana kigae kimoja kikirudiwa mara mia macho huona mistari badala ya ardhi.

Hatua ya 4: Mhusika

Kwa mhusika inatosha kuwa na picha tatu za kutembea kwa kila upande, na za kulia unazipata kwa kugeuza za kushoto. Kichwa kichukue karibu nusu ya kimo. Mtoto wangu alipokuwa akitembea alionekana anateleza, mpaka niliposhusha kichwa pikseli moja kila mguu unapogusa ardhi.

Hatua ya 5: Mazungumzo

Fonti nyingi za mtindo wa zamani zimepangwa kwa maneno mafupi, ilhali sisi tuna “hawatakuambia” na “walipomkaribisha”. Kwa herufi zenye upana wa pikseli 8, mstari hauzidi herufi 36 hivi ukiacha kingo za kisanduku cha mazungumzo. Nikatafuta fonti ya pikseli 6. Hakikisha pia fonti ina alama ya ng', na kama utatumia Kiganda, herufi ŋ, ambayo mara nyingi haimo.

Kila kisanduku kibebe jambo moja tu, kama hapa mtoto anapozungumza na jjajja (bibi au babu kwa Kiganda):

“Jjajja, kwa nini milango yote imefungwa?”
“Wapeleke mbuzi, mwanangu. Ukiona kitu, meza sauti yako.”

Hatua ya 6: Kumbukumbu ya kijiji

Kila uamuzi uuhifadhi kwa jina linaloeleweka, kama alipiga_yowe, wala si kwa namba tu, kama swichi namba 17, kwani baada ya miezi miwili hutakumbuka namba hiyo ilikuwa ya nini. Kisha uandike kauli mbili kwa kila mwanakijiji: ya kumwambia mchezaji aliyenyamaza na ya kumwambia aliyepiga yowe. Hifadhi faili zako pia kwenye flashi kila jioni, kwa sababu umeme haupigi hodi unapokatika.

Hatua ya 7: Mpe mtu mwingine acheze

Kaa nyuma yake bila kusema neno. Binamu yangu alikuwa akibonyeza haraka kuruka mazungumzo, na kwa kuwa kitufe cha kuendelea ndicho pia cha kupiga yowe, alimfukuza Walumbe kabla hajamwona, akaniuliza kama gemu imekwisha. Sikutenganisha vitufe, kwa maana ugumu wa kujizuia ndio gemu yenyewe. Niliongeza nusu sekunde, yaani fremu (picha zinazofuatana) 30 kwa kasi ya fremu 60 kwa sekunde, ambapo kitufe hakisikilizwi baada ya kisanduku cha mwisho kufungwa, na katika muda huo ardhi inatikisika pikseli moja kushoto na moja kulia. Alipocheza tena, kidole chake kilibaki hewani.