Kuhuisha cheti cha ubingwa Marekani bila kukalia mtihani wa siku nzima

Daktari aliyezoea utaratibu wa Kenya au Tanzania, ambako leseni huhuishwa kwa pointi za elimu endelevu, akifika Marekani hukuta mambo mawili ambayo ni rahisi kuyachanganya. Leseni hutolewa na jimbo, na kuihuisha ni suala la ada na saa za masomo. Cheti cha ubingwa hutolewa na bodi ya fani yako, na hicho ndicho kilichokuwa kikiwakosesha watu usingizi: mtihani wa siku nzima kila baada ya miaka 10, hata kama umetibu wagonjwa miaka 25 bila doa. Bodi ya magonjwa ya ndani, ABIM, ilianza kutoa vyeti vyenye ukomo mwaka 1990, na waliofaulu kabla ya hapo wakabaki na vyeti vya maisha. Ndiyo maana katika wodi moja utamkuta mzee ambaye hajawahi kurudia mtihani, na msaidizi wake wa miaka 45 akibeba vitabu hadi kwenye chumba cha chai.

Manung'uniko yalipozidi, bodi zikaanza kulegeza kamba. Madaktari wa dawa za usingizi (nusukaputi) walitangulia: tangu 2016 mtihani wao mkubwa umebadilishwa na MOCA Minute, yaani maswali 30 kila robo mwaka, dakika 1 kwa kila swali. ABIM ilifuata mwaka 2022 kwa utaratibu uitwao LKA, yaani tathmini ya maarifa inayoenda kidogo kidogo kwa miaka. Tutakaa zaidi kwenye huo wa ABIM, kwa kuwa kanuni zake ndizo zinazowaponza watu. Wanaoponzwa mara nyingi ni madaktari wazuri kabisa, wanaoijua kazi yao lakini wasioangalia kalenda.

Hesabu kwanza, uamuzi baadaye

LKA huenda kwa mzunguko wa miaka 5. Kila robo mwaka unapewa maswali 30, kwa hiyo 120 kwa mwaka na 600 kwa mzunguko mzima. Kila swali lina dakika 4. Ukitumia dakika zote, robo moja itakula saa 2, mwaka saa 8, na miaka 5 saa 40. Mtihani wa zamani bado upo: siku moja kwenye kituo cha mitihani, ukifaulu umepumzika miaka 10.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba LKA ni kazi ndogo. Kwa miaka 10 ni mizunguko miwili, saa 80 ukienda polepole. Faida yake iko kwingine: unajibu ukiwa nyumbani, unaruhusiwa kufungua vitabu na tovuti, na siku moja mbaya haiwezi kukuangusha. Anayesoma makala mpya kila wiki na kufanya mtihani bila hofu, mtihani wa siku moja bado unamfaa. Anayetibu fungu dogo la magonjwa (tuseme wa kliniki ya kisukari tu), au mwenye watoto wadogo na zamu za usiku, LKA inamfaa zaidi.

Kabla ya kujiandikisha, ingia kwenye akaunti yako ya bodi uangalie mambo matatu: mwaka ambao unadaiwa tathmini, vyeti vingapi unavyo, na pointi ulizonazo. Hilo la vyeti lina pesa na muda ndani yake. Bingwa wa moyo halazimishwi na ABIM kuhuisha pia cheti cha msingi cha magonjwa ya ndani, na kila cheti unachokiweka kwenye LKA kinaleta maswali yake 30. Vyeti viwili ni maswali 60 kila robo. Ila usikiache cheti cha msingi kabla ya kuiuliza hospitali yako kwa maandishi; zipo zinazokidai hata kama bodi haikidai.

Jiandikishe mapema Januari ya mwaka unaodaiwa. Ukichelewa mpaka robo ya kwanza ikafungwa mwisho wa Machi, maswali yake 30 yanahesabiwa kuwa hukuyafungua, nawe umeanza safari na deni.

Akiba ya maswali 100

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Katika maswali 600, unatakiwa ufungue angalau 500. Yaliyobaki 100 ni akiba yako. Usipofungua swali, halikuharibii alama ila linapunguza akiba. Ukilifungua ukaliacha muda ukaisha, limehesabiwa kuwa umekosa. Watu hulichanganya hili, wakadhani kufungua "kuangalia tu" hakuna madhara.

Maswali ya robo moja hayahamii robo inayofuata. Ukikosa robo 3 nzima umetumia 90. Ukikosa ya 4 ni 120, akiba imekatika, na umetolewa kwenye LKA hata kama yote uliyojibu uliyapata. Hapo inabaki njia ya mtihani wa siku moja.

Ushauri wetu: maswali 60 ya akiba yaweke kwa ajili ya yale usiyoyapanga, kama uzazi, ugonjwa na msiba. Yaliyobaki 40 ndiyo ya mizaha, na hata hayo usiyamalize mwaka wa kwanza. Robo ya nne ndiyo inayowanasa wengi wetu, kwa sababu Desemba ndiyo ya kwenda nyumbani. Unatua Dar au Mombasa, kuna harusi mbili na kumzuru bibi kijijini, intaneti inayumba, na tarehe 31 inapita ukiwa barabarani. Maliza maswali ya robo hiyo kabla ya kufunga mabegi. Ukiyaanza Oktoba kwa maswali 3 kila Jumapili, wiki 10 zinakutosha.

Maswali 3 kila Jumapili, dakika zisizozidi 12: huo ndio mwendo tunaoupendekeza kwa robo zote. Kujibu 30 kwa mkupuo usiku wa mwisho inawezekana, lakini kuanzia swali la 15 au la 20 macho husoma neno "isipokuwa" bila kuliona.

Namna ya kulijibu swali moja

Chagua mahali ambapo hutaitwa. Si kati ya mgonjwa na mgonjwa, si ukiwa na simu ya wodi mkononi. Kipima muda kinaanza pale unapofungua swali na hakikusubiri. Una nyongeza ya dakika 30 kwa mwaka mzima unayoweza kuichota swali linapokuwa gumu, lakini ukiigawa kwa maswali 120 inakuwa sekunde 15 kwa swali. Itunze kwa yale yenye picha za ECG (mchoro wa umeme wa moyo) au majibu marefu ya maabara. Kompyuta za hospitali nazo huzuia baadhi ya tovuti, kwa hiyo tumia ya kwako. Kabla ya kufungua swali la kwanza, fungua kwenye dirisha la pembeni chombo chako cha rejea na uingize nywila kabisa. Dakika ya tatu si wakati wa kukumbuka nywila.

Sasa tuseme swali linakuja hivi: mama wa miaka 58, kisukari aina ya 2, shinikizo la damu. Anatumia metformini kwa dozi iliyopunguzwa na lisinopril kwa dozi kamili. Shinikizo liko sawa, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari) ni 7.1, uchujaji wa figo eGFR ni 42, na mkojo una albumini nyingi. Umfanyie nini?

Anza na mstari wa mwisho, unaouliza nini hasa. Kisha rudi juu ukiwa unajua unachotafuta. Mtego hapa ni ile 7.1. Daktari mzoefu anaiona, anasema sukari imekaa vizuri, anachagua "usibadilishe kitu". Lakini swali halihusu sukari, linahusu figo: albumini kwenye mkojo na eGFR iliyoshuka ndizo zinazodai dawa ya kundi la SGLT2, kama empagliflozini, hata kama sukari haina tatizo. Ukitaka kuhakikisha, usiandike "kisukari na figo" kwenye kisanduku cha kutafuta, utaletewa kurasa 40. Tafuta jambo moja jembamba: kiwango cha eGFR kinachoruhusu kuanzisha dawa hiyo. Utakuta 20, mgonjwa wako ana 42, bonyeza jibu. Dakika 2 na nusu.

Mpangilio huo ufuate kwa karibu kila swali: dakika 1 ya kusoma, nusu dakika ya kuchagua jibu kabla ya kutafuta, dakika 2 za kuhakikisha, nusu dakika ya mwisho ya kurudi kwenye swali na kubonyeza. Anayetafuta kabla ya kuchagua humaliza dakika 4 akiwa bado anasoma utangulizi wa makala. Rejea ni ya kuthibitisha tu. Dakika 4 hazifundishi ugonjwa usioujua.

Kwa maswali mengi utaonyeshwa papo hapo kama umepata, pamoja na maelezo ya jibu. Usiruke maelezo ya swali ulilopata kwa kubahatisha. Weka daftari, andika mada tu na fundisho lake kwa mstari mmoja: "SGLT2 kwa figo, usisubiri sukari ipande." Usinakili swali lenyewe. Unaruhusiwa kutumia vitabu, tovuti na madaftari, huruhusiwi kumuuliza mtu, na huruhusiwi kulitoa swali nje. Picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp la madaktari, hata kwa nia ya kusaidiana, ni kosa la kupoteza cheti. Mwaka 2010 ABIM iliwachukulia hatua madaktari zaidi ya 130 kwa kupashana maswali ya mtihani, na hapo hakukuwa na LKA.

Pointi na ripoti

Kila jibu sahihi la LKA linakupa pointi 0.2. Ukipata maswali 90 kati ya 120 kwa mwaka, umejipatia pointi 18, na kwa miaka 5 ni 90. Bodi inadai 100 kwa miaka 5, kwa hiyo zilizopungua ni 10 tu, ambazo mkutano mmoja wa kitaaluma unaweza kuzifidia. Hii ndiyo sehemu tamu ya LKA ambayo watu huisahau, wakaenda kulipia kozi za pointi wasizozihitaji.

Ripoti za maendeleo huja njiani, zikikuonyesha ulipo ukilinganishwa na kigezo cha kufaulu. Usiogope ripoti ya kwanza, bado maswali ni machache na alama inayumba. Ikifika mwaka wa tatu nawe bado uko chini ya mstari, angalia daftari lako: karibu kila mara makosa yamejazana kwenye mada mbili au tatu ambazo huzitibu kila siku, mara nyingi saratani za damu, baridi yabisi au magonjwa ya homoni. Somea hizo tu. Mzunguko ukiisha bila kufikia kigezo, unapewa mwaka mmoja wa kuufanya na kuufaulu mtihani wa siku moja kabla ya kupoteza cheti.

Kwa wa fani nyingine

Mabingwa wa tiba ya familia wana maswali 25 kila robo, dakika 5 kwa swali, jumla 300, na wamepewa hadi miaka 4 kuyamaliza. Madaktari wa watoto hupata 20 kila robo, na bodi yao hutangaza mapema mada zitakazoulizwa, hivyo asiyejiandaa hana wa kumlaumu. Wapasuaji wa jumla wana tathmini ya maswali 40 kila baada ya miaka 2, vitabu wazi, na lazima ufikishe asilimia 80. Wa mifupa hupewa orodha ya makala, wanachagua 15 na kuulizwa maswali 2 kwa kila makala. Kwa maoni yetu huo ndio utaratibu wa haki kuliko yote, maana unaulizwa ulichokisoma. Matabibu wasaidizi, wale wanaoitwa PA, tangu 2023 wanaweza kujibu maswali 25 kila robo kwa robo 12, na zinahesabiwa robo 8 bora.

Ipo pia njia ya kukaa nje ya bodi hizi kabisa: NBPAS, bodi mbadala iliyoanzishwa 2015 kutokana na hasira za madaktari wenyewe. Haina mtihani. Inataka uwe uliwahi kufaulu bodi ya awali, uwe na leseni safi na saa 50 za elimu endelevu (CME) katika miezi 24 iliyopita. Hatari yake haiko kwenye fomu, iko kwa wanaoisoma. Kabla hujaachia cheti cha zamani kiishe, pata majibu ya maandishi kutoka sehemu tatu: ofisi ya hospitali inayosimamia ruhusa za madaktari, kampuni za bima zinazokulipa, na mwajiri kama mkataba wako unataja jina la bodi. Mmoja akikataa, endelea na bodi yako. Na ukiwa na mpango wa kuhama hospitali ndani ya miaka 2, iulize na hiyo unayoiendea.